Podikasti ya Chama cha Wakulima: Tuanze na Sikio

Chama kidogo kinapotaka kuanzisha podikasti, swali la kwanza huwa la vyombo: mikro gani, kompyuta gani, fedha kiasi gani? Somo hili linaanzia upande mwingine. Sisi tunaosoma lugha tuna kitu cha kukipa chama hicho ambacho hakiuzwi dukani: kujua neno gani litamfikia nani.

1. Podikasti ni nini?

Neno hili lilitokea mwaka 2004 katika gazeti la The Guardian la Uingereza. Liliunganisha jina la iPod, chombo cha kusikilizia muziki, na neno la Kiingereza lenye maana ya kutangaza. Redio husikilizwa saa inapotangaza. Podikasti ni faili ya sauti ambayo mtu anaihifadhi na kuisikiliza apendapo, hata shambani, hata mara tatu.

2. Jambo moja kwa kipindi

Tuchukue mfano wa chama cha wanawake wanaolima muhogo katika uwanda wa Ruzizi, Kivu ya Kusini. Wanataka kuwaeleza wenzao ugonjwa unaokunja majani na kudumaza mizizi. Unaletwa na virusi. Unaenezwa na inzi weupe wadogo, na pia na mkulima mwenyewe anapopanda miti aliyoikata katika shamba lenye ugonjwa. Kipindi cha kwanza kiseme hilo tu: kata miti ya kupanda kwenye mmea usio na dalili. Bei ya soko na mkopo vingoje zamu yao. Dakika 10 zinatosha.

3. Kiswahili kipi?

Hapa ndipo kazi yetu ilipo. Agronomu aliyesoma kwa Kifaransa atasema «mozaiki». Kitabu cha Tanzania kitasema «batobato». Mkulima anaweza kusema tu kwamba majani yamejikunja. Mtangazaji aanze na maneno ya mkulima, kisha ataje jina la kitaalamu mara moja, ili msikilizaji alitambue akilikuta kwa agronomu. Vivyo hivyo aseme «sombe» na «lengalenga», si «kisamvu» na «mchicha», kwa maana ndivyo mboga hizo zinavyoitwa sokoni kwetu.

Tuseme mama mmoja anaulizwa: «Mama, shamba lako lilianzaje kuugua?» Naye anajibu: «Majani ilianza kujikunja, tukawaza ni jua. Tukapanda tena miti ya shamba ile ile.» Mwanafunzi atatamani kusahihisha: majani yalianza, shamba lile lile. Asifanye hivyo. Upatanisho huo ndio wa wasikilizaji wake, na kosa analolikiri mama huyo linafundisha kuliko hotuba. Kiswahili sanifu kina nafasi yake: katika utangulizi, na katika maelezo mafupi yanayoandamana na faili, ambayo msomaji wa Kalemie au Kigoma pia atayaelewa.

4. Kurekodi

Simu inatosha kuanza. Fungeni mtandao ili mtu asipige katikati ya maneno. Tafuteni chumba chenye mapazia au nguo nyingi, kwa kuwa kuta tupu hurudisha sauti. Epukeni paa la bati wakati wa mvua. Wekeni simu umbali wa shubiri moja na mdomo, pembeni kidogo, ili pumzi isiigonge mikro. Rekodini nusu dakika, sikilizeni, ndipo muendelee. Kukata na kupanga sauti kunaweza kufanywa kwa Audacity, programu isiyolipiwa.

5. Kufikisha

Faili ya MP3 yenye kilobiti 64 kwa sekunde huchukua karibu mega 5 kwa dakika 10. Mazungumzo ya nusu saa kwa kilobiti 128 hufika karibu mega 29. Kwa anayenunua mega kidogo kidogo, tofauti hiyo ndiyo kusikiliza au kutosikiliza. Tumeni faili nyepesi kwa WhatsApp, ipitisheni kwa kadi ya kumbukumbu na Bluetooth, na muiombe redio ya jirani iirushe.

6. Ruhusa

Mama akisimulia safari ya sokoni, huenda akataja kizuizi cha barabarani ambako wakulima wanatozwa fedha. Kuondoa jina lake hakumlindi: kijijini sauti inajulikana kama uso. Kabla ya kurekodi, mwelezeni nani anaweza kusikia. Baada ya kurekodi, msikilizisheni kipindi kizima, na akisema «toeni pale», mtoe bila kubishana. Faili ikishaingia katika simu za watu hairudishwi tena. Ni afadhali kipindi kipungue dakika 2 kuliko mtu mmoja apate mateso.

Zoezi

Andika utangulizi wa dakika 1 juu ya ugonjwa huo wa muhogo. Usomee mtu mzima ambaye hakusoma chuo kikuu, halafu umwombe akueleze alichosikia. Weka alama kila neno alilolibadilisha. Maneno hayo yaliyobadilishwa uyarudishe katika maandishi yako, kisha usome tena. Akikuuliza swali juu ya shamba lake mwenyewe, kipindi cha pili umeshakipata.