Kabla ya Kuuza Mpunga Ungali Shambani

Mkulima wa Kasongo anayepokea avansi mpunga unapotoa masuke, akaahidi kulipa magunia baada ya mavuno, tayari yumo katika biashara ya bei za mbele. Bei inafungwa leo, mali inakabidhiwa baadaye. Osaka, Japani, walifanya hivyo kwa mchele katika soko la Dojima, lililotambuliwa rasmi mwaka 1730. Chicago, Marekani, walianzisha soko lao la nafaka mwaka 1848. Anayetaka kujifunza aanzie kwenye mpunga wake mwenyewe.

Mkataba wa bei ya mbele unawafunga wote wawili. Tuseme mmepatana franka 50,000 kwa gunia. Sokoni gunia likishuka hadi 40,000, mnunuzi atakulipa 50,000 vilevile. Likifika 80,000, nawe utatoa kwa 50,000, hata kama roho inauma.

Opsheni inamfunga mmoja. Wewe unamlipa mwenye ghala franka 3,000 kwa gunia, zisizorudishwa, naye analazimika kununua kwa 50,000 ukitaka, hadi tarehe mliyoandika. Bei ikianguka, unampelekea. Ikipanda, unauza kwingine na umepoteza 3,000 zako tu. Ipo pia ya upande wa pili: mnunuzi ndiye anayekulipa ada ili awe na ruhusa ya kununua. Hapo ada ni yako, lakini bei ikiruka faida ni yake.

Avansi ya kwetu inaumiza zaidi kwa sababu inakuja wakati wa ada za shule na ugonjwa, mkulima akiwa hana nguvu ya kubishana. Basi usiuze mavuno yote, nusu inatosha. Andikeni kilo, maana gunia la kushindilia si gunia la kawaida. Andikeni kama ni mpunga au mchele, umekauka kiasi gani, nani anagharamia usafiri, na mvua ikiharibu nani anabeba hasara. Kwa Waislamu, mauzo ya salam yana utaratibu wake: fedha zote zilipwe siku ya mapatano, kipimo, sifa na tarehe vijulikane, wala mali isifungwe kwenye shamba moja lililotajwa, kwani shamba hilo laweza kukosa mazao.

Kabambare, upande wa Namoya na Salamabila, vijana wanauza dhahabu kwa bei inayofuata ya dunia, na wengine wanashawishiwa kwenye simu wacheze na bei hiyo. Wajue ukubwa wa mchezo huo. Mkataba kamili wa dhahabu wa New York ni wakia 100, karibu kilo 3.1. Bei ya wakia ikishuka dola 20, aliyenunua amepoteza dola 2,000. Naye aliweka amana iliyo sehemu ndogo tu ya thamani yote. Hesabu hufungwa kila siku, na akishindwa kuongeza amana, mkataba wake unauzwa. Anayenunua opsheni hawezi kupoteza zaidi ya ada aliyolipa. Anayeiuza anaweza kupoteza mara nyingi zaidi ya ada aliyopokea, kwa hiyo mgeni asiiguse. Anayekuahidi faida ya hakika kila juma, usimpe hata franka moja.

Msimu huu fanya kazi ya daftari. Andika bei ya mpunga sokoni kila juma, toka kupanda hadi miezi mitatu baada ya mavuno. Mwenye avansi akija mwakani na bei yake, fungua daftari mbele yake, mpatane kuanzia hapo.