SOMO: URITHI NI FUNGU LAKO

Soma: Hesabu 27:1-11, Yoshua 17:3-6, 2 Wafalme 8:1-6

Hapa Gihosha mara nyingi tunamsikia ndugu akisema, "Sisi wakimbizi hatuna urithi tena, umebaki ule wa mbinguni." Ni kweli ule hauharibiki (1 Petro 1:4). Lakini tusilifanye neno hili kuwa dogo kuliko lilivyo katika Biblia.

Kwa Kiebrania urithi ni nahala, fungu la ardhi la ukoo. Kwa Kigiriki ni kleronomia, na ndani yake mna kleros, yaani kura, kwa maana nchi iligawanywa kwa kura. Basi urithi ni fungu ulilopewa, hata kama mguu wako haujalikanyaga.

Tazameni binti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume. Wakasimama mbele ya Musa wakadai fungu lake. Walidai lini? Israeli wakingali hemani, hawajavuka Yordani, hawana hata shamba moja! Mungu akasema binti hao wana haki. Siku ya kugawa nchi, walipewa.

Na yule mama Mshunemi alikimbia njaa miaka saba. Aliporudi akamlilia mfalme, naye akarudishiwa nyumba, shamba, hata mapato ya shamba tangu siku alipoondoka.

Wazazi mliotoka Kongo, mnapowagawia wana peke yao mashamba ya nyumbani kwa maneno, binti zenu wanasikia. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1 Agosti 1987 inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya mali, wa kike sawa na wa kiume. Robo inayobaki inawahusu mume au mke aliyebaki, wazazi na ndugu wa marehemu. Mtoto wa nje ya ndoa naye yumo, ikiwa baba alimtambua akiwa hai. (Hapo akina baba wengine tunainamisha kichwa.) Ndugu zetu Warundi, sheria yenu ya familia ya 1993 haikupanga urithi; desturi ndiyo hufuatwa, nayo humtanguliza mwana. Kwenu neno la mzazi lina uzito zaidi.

Andikeni basi: shamba liko kilima gani, linapakana na nani, mashahidi ni akina nani. Binti waandikwe kwa majina yao. Asiyejua kuandika aje Jumapili baada ya ibada, vijana wa kwaya watamwandikia.