SOMO: GHARAMA YA KUBADILISHA OLTANETA YA GARI

Wanachama wengi wana gari zao, au wamenunua moja kwa kushirikiana, kwa ajili ya kupeleka wachumaji shamba na kurejesha karafuu jioni. Gari inapokwama wakati wa vuno, hasara si ya gari peke yake. Karafuu mbichi zikilala zimerundikwa ndani ya magunia huvunda, rangi huharibika na daraja hushuka. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari aijue oltaneta na hesabu yake.

Oltaneta ni nini?

Ni mtambo unaozungushwa na injini kwa mkanda. Hutoa umeme wa taa na wa injini, na hurejesha nguvu ndani ya betri. Gari za zamani zilitumia dinamo. Kampuni ya Chrysler ya Marekani iliitia oltaneta katika gari yake ya Valiant ya mwaka 1960, na kampuni nyingine zikafuata. Ubora wake ni kwamba hutoa umeme wa kutosha hata injini ikizunguka polepole.

Pima kwanza

Taa nyekundu yenye picha ya betri ikiwaka, usikimbilie dukani. Tazama mkanda: je, umelegea au umekatika? Kisha fundi apime kwa mita. Betri nzima iliyojaa, gari ikiwa imezimwa muda, huonyesha volti 12.6 hivi. Injini ikiwa inakwenda, gari nyingi huonyesha baina ya volti 13.8 na 14.5. Kipimo kikibaki 12 au kikizidi kushuka, umeme hauingii. Zitazamwe waya na fyuzi, kisha oltaneta yenyewe. Kikizidi 15, katauti imeharibika nayo itaichemsha betri.

Tahadhari mbili. Usimruhusu fundi kuvua waya wa betri huku injini inakwenda. Hayo ni mazoea ya siku za dinamo. Kwa oltaneta yaweza kuunguza dayodi na kompyuta ya gari. Tena, kabla ya kuifungua oltaneta, uvuliwe kwanza waya wa betri wa upande wa hasi, kwani ule waya mnene una moto wakati wote.

Njia tatu na gharama zake

(1) Kuitengeneza: hubadilishwa kaboni, beringi, katauti au dayodi.
(2) Kununua iliyotumika: bei ni ya kati, lakini umri wake haujulikani. Ipimwe kabla ya kulipa.
(3) Kununua mpya: bei ni kubwa, lakini huja na dhamana. Iombe kwa maandishi.

Usihesabu bei ya kifaa tu. Ongeza ujira wa fundi, mkanda, nauli ya chombo ikiwa kifaa chatoka Dar es Salaam, na siku gari itakazolala.

Tufanye hesabu ya mfano. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Tuseme oltaneta mpya ni shilingi 300,000, fundi 30,000 na mkanda 20,000. Jumla ni 350,000. Ikidumu miaka 5, kila mwaka ni 70,000. Kuitengeneza ya zamani tuseme ni 90,000. Ikidumu mwaka 1 tu, ile iliyoonekana rahisi imekuwa ghali. Ikidumu miaka 2, kila mwaka ni 45,000, na faida ni yako.

Basi muulize fundi: kimekufa nini? Kaboni na beringi huchakaa kwa kazi, na matengenezo yake hudumu. Lakini nyaya za ndani zikiwa zimeungua, mara nyingi ni bora kununua nyingine. Mwambie akurudishie kifaa cha zamani ukione kwa macho yako.

Mwisho, gawa jumla yako kwa bei ya kilo moja ya karafuu kavu. Utajua ni kilo ngapi zimekwenda kwenye gari, na utaona kwa nini kipimo kifanywe kabla ya vuno, si katikati yake. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga.

Maswali ya kujipima

1. Injini inakwenda na mita yaonyesha volti 12. Utatazama nini kwanza?
2. Kwa nini waya wa betri usivuliwe injini ikiwa inakwenda?
3. Matengenezo ya shilingi 120,000 yakidumu miaka 3, kila mwaka ni kiasi gani?