Waya mwembamba hula faida ya umeme wa jua

WAFANYABIASHARA wengi wa vifaa vya umeme wa jua hupigania bei ya paneli na betri hadi shilingi ya mwisho, kisha huchukua waya wowote uliopo rafuni. Hasara huanzia hapo, na hurudi dukani kwa sura nyingine: mteja huleta betri akidai ni mbovu.

Chanzo ni volti. Umeme wa gridi hufika nyumbani ukiwa na volti 230, kwa hiyo vifaa vya wati 120 huvuta takriban ampea 0.5 tu. Vifaa vya wati hizo hizo vikitegemea betri ya volti 12 huvuta ampea 10. Ampea zikipanda, volti nyingi zaidi hupotea njiani, na waya hupata joto.

Hesabu yake haihitaji fundi. Chukua urefu wa njia, kwenda na kurudi, uzidishe kwa ampea, kisha kwa 0.0175, ambacho ni kipimo cha ukinzani wa shaba. Jibu ligawanywe kwa unene wa waya katika milimita za mraba. Zinazopatikana ndizo volti zinazopotea.

Tuseme duka lina taa, televisheni na friji ndogo, jumla wati 120, na betri iko mita 10 kutoka hapo. Njia nzima ni mita 20. Waya ule wa kawaida wa 2.5 utapoteza volti 1.4, yaani karibu asilimia 12. Betri ikishuka hadi volti 12, friji inapokea 10.6, na vifaa vingi vya aina hiyo hujizima volti zikikaribia 10.5. Mwenye duka anaona betri haikai na chaji. Huyo atakuja na risiti mkononi, na muuzaji asiyejua hesabu hii atambadilishia betri nzima.

Mafundi wengi hulenga upotevu usiozidi asilimia 3. Kwa duka hilo waya wa 6 bado hautoshi, kwani unapoteza karibu asilimia 5. Unahitajika wa 10, wenye shaba mara nne ya ule wa kwanza, na bei yake inaonyesha hivyo. Lakini mtambo ukijengwa kwa volti 24 ampea hushuka hadi 5, na waya wa 2.5 unapoteza volti 0.7, chini kidogo ya asilimia 3. Kwa mwekezaji anayeanza hii ndiyo nafuu kubwa, ila iamuliwe kabla vifaa havijanunuliwa, maana friji ya volti 12 pekee haiwezi kufungwa hapo. Aliyekwisha kununua asogeze betri: nusu ya umbali ni nusu ya hasara.

Waya wa kutoka kwenye paneli una sharti lake. Ule wa ndani ya nyumba, wenye ganda la plastiki ya kawaida, hupasuka ukikaa juani juu ya bati. Waya wa sola una maganda mawili yanayostahimili jua, na ulio bora huchapwa H1Z2Z2-K ubavuni.

Kuhusu bei, shaba huuzwa kwa dola kufuatana na soko la madini la London. Mwezi Mei 2021 ilivuka dola 10,000 kwa tani, na Mei 2024 ikapita 11,000. Kila inapopanda, waya wa alumini uliopakwa shaba juu hupata wateja, kwa sababu roli yake ni rahisi na kwa macho haina tofauti. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba, hivyo hesabu yote ya hapo juu huharibika.

Kisu kinatosha kuutambua: kwaruza uzi mmoja. Ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, ni alumini. Ukiwa mweupe juu na mwekundu ndani, usiukatae, kwani hiyo ni shaba iliyopakwa bati ili isipate kutu, na waya mwingi wa sola hutengenezwa hivyo.

Kwa anayenunua kwa jumla, mzani ni bora kuliko kisu. Roli ya mita 100 ya waya wa 2.5, wa njia moja, ina shaba ya kilo 2.2 bila kuhesabu ganda. Roli nzima ikipungua uzito huo, ama si shaba, ama ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa, ama ni fupi. Roli za yadi 100 ni mita 91 tu, na shaba yake ni kama kilo 2. Huo si wizi, lakini bei yake isiwe ya mita 100.