Parkinson na tumbo la baba

Swali: Daktari, baba yangu ana Parkinson. Mama anasema alisumbuliwa na kukosa choo miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Ugonjwa ulianzia tumboni?

Jibu: Mama ana jicho zuri. Kwa wagonjwa wengi choo kigumu hutangulia mtetemeko, pengine kwa miaka 10 au zaidi. Mwaka 2003, Heiko Braak wa Ujerumani na wenzake walitoa wazo kwamba, kwa baadhi yao, ugonjwa huanzia kwenye neva za tumbo kisha hupanda hadi ubongoni kupitia neva ya vagasi.

Bakteria wa utumboni nao wamo. Mwaka 2016, watafiti wa chuo cha Caltech, Marekani, walitumia panya waliobadilishwa vinasaba ili wazalishe kwa wingi alfa-sinukleini, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa. Waliokuzwa bila bakteria yoyote walipata dalili chache. Walipowekewa bakteria wa kinyesi cha wagonjwa, walizidiwa kuliko waliowekewa wa watu wazima wa afya. Ila hao ni panya. Kwa binadamu bado hatujui kipi kinaanza, mabadiliko ya bakteria au ugonjwa.

Jambo linalomhusu baba leo ni dawa. Bakteria aitwaye Enterococcus faecalis huweza kugeuza sehemu ya levodopa, dawa kuu ya Parkinson, kuwa dopamini humo humo utumboni, na dopamini hiyo haipenyi kuingia ubongoni. Basi baba akiona dawa haimshiki, msimwongezee vidonge nyumbani. Mwambieni daktari wake, na mtajieni shida ya choo pia. Maji, maharage, mboga za majani na kutembea vitamsaidia kupata choo. Vidonge vya bakteria vinavyouzwa kama tiba ya Parkinson, acheni dukani.