BIDII NA MAUMIVU YA MGUU

Ndugu, bidii ni njema, lakini mwili una mpaka. Mwaka 1968, katika mbio za marathoni huko Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka, akaumia goti. Akafungwa bandeji, akaendelea hata mwisho, wa mwisho katika watu 57 waliofika. Twamheshimu.

Lakini wewe uchezaye mpira hapa Kazimia, mguu huo ndio wa kulimia na kuvulia samaki. Anza mbio polepole, mwili upate joto. Ukisikia uchungu wa ghafula pajani, simama; si uvivu. Pumzika, weka kitambaa cha maji baridi, inua mguu. Siku hiyo usikande. Usipoweza kukanyaga, uletwe hospitali.

Mwili ni amana ya Mungu. Soma 1 Wakorintho 6:19-20.