Chupa Imebadilika, Kipimo Je?



Leo tutazungumza juu ya jambo linalowasumbua wengi wetu tuliomaliza kisomo. Tunajifunza jambo darasani, tunalijua vizuri, hata tunaweza kulisema bila kufungua daftari. Lakini tukifika nyumbani tunakuta mambo hayako kama yalivyokuwa darasani. Hapo tunakwama. Je, tufanyeje ili elimu itusaidie hata pale mambo yanapobadilika?

Tuchukue mfano ambao kila mzazi anaufahamu, yaani mtoto anayeharisha.

Kipimo tulichojifunza

Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi ya mwili. Maji yakipungua sana, anaweza kufa upesi. Kwa hiyo tunampa ORS, dawa ya unga ya kuchanganya na maji, ambayo hupatikana zahanati na katika maduka ya dawa. Kama pakiti haipo, tunaweza kutengeneza kinywaji chake nyumbani. Kipimo ni hiki:

Maji yaliyochemshwa na kupoa: lita 1.
Sukari: vijiko vya chai 6.
Chumvi: nusu kijiko cha chai.

Vijiko viwe vya kusawazisha kwa kisu, visiwe vya kurundika.

Sasa tuseme mama mmoja amekariri kipimo hiki. Usiku mtoto wake anaanza kuharisha. Pakiti hana, na chupa yake ya lita 1 imepasuka. Iliyopo ni chupa ya nusu lita. Afanyeje?

Wako watakaoweka sukari vijiko 6 na chumvi nusu kijiko vile vile, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Hiyo ni hatari. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, na sukari ikizidi inaongeza kuhara. Wako watakaokisia tu kwa macho. Hao nao wanabahatisha maisha ya mtoto.

Lakini yuko atakayesema hivi: "Maji yamekuwa nusu, basi na vitu vingine viwe nusu." Ataweka sukari vijiko 3 na chumvi robo kijiko. Huyu amepata.

Kwa nini huyu amepata?

Wote walifundishwa somo moja. Tofauti ni kwamba huyu anajua sababu ya kipimo. Anajua kuwa sukari haikuwekwa ili kinywaji kiwe kitamu tu. Sukari inasaidia chumvi na maji kupita kutoka kwenye utumbo na kuingia katika damu. Ndiyo maana vitu hivi vitatu lazima vilingane. Chupa inaweza kubadilika, ulinganifu haubadiliki.

Basi ndugu, ukijifunza jambo lolote usikubali kuambiwa "fanya hivi" tu. Uliza, "Kwa nini tufanye hivi?" Mwalimu mwema hachukii swali hilo.

Elimu mpya hukaa juu ya elimu ya zamani

Wengine watasema, "Sisi hesabu za nusu na robo zinatushinda." Hebu tuone kama ni kweli. Ukienda kununua mahindi nusu debe, unajua utalipa nusu ya bei ya debe zima. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi. Walijua kuwa pishi 1 ni vibaba 4, na nusu pishi ni vibaba 2. Hesabu hiyo tulikuwa nayo hata kabla ya kushika kalamu.

Elimu hujengwa kama nyumba. Huwezi kuezeka paa hewani. Kwanza pana msingi, halafu ukuta, ndipo paa. Msingi wetu watu wazima ni yale tuliyoyajua shambani, jikoni na sokoni. Kwa hiyo ukikutana na jambo jipya, tafuta kwanza linafanana na lipi unalolijua tayari.

Tutoke jikoni twende shambani

Tuseme karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa ya wadudu inasema: mililita 40 kwa maji lita 20. Bomba lako la kupulizia linachukua lita 15. Utaweka dawa kiasi gani?

Gawa 40 kwa 20. Utapata mililita 2 kwa kila lita. Kisha zidisha 2 kwa 15. Jibu ni mililita 30. Huo ni mfano tu. Kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye chupa yako mwenyewe. Lakini angalieni: hesabu iliyomsaidia mama jikoni ndiyo inayomsaidia mkulima shambani.

Lakini tuwe waangalifu

Siyo kila jambo hugawanywa nusu. Pakiti ya ORS usiigawe. Mimina unga wote katika maji. Kiasi cha maji kimeandikwa kwenye pakiti. Nyingi ni za lita 1, lakini ziko ndogo zaidi, kwa hiyo soma kwanza. Vidonge navyo, usimkatie mtoto nusu ya dawa ya mtu mzima kwa kukisia. Dawa nyingi za watoto hupimwa kwa kufuata uzito au umri. Hapo muulize mganga wa zahanati. Kujua mahali ambapo hesabu yako haifai, nako ni elimu.

Hatua nne za kukumbuka

1. Jiulize: nini ninachokijua tayari kinachofanana na jambo hili?
2. Tazama: nini kimebadilika, na nini hakikubadilika?
3. Tafuta sababu: kwa nini tulifundishwa kufanya vile?
4. Fanya, angalia matokeo, na uliza pale penye shaka.

Tena tusijifunze peke yetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo na kujadiliana. Baada ya majadiliano walichukua majembe wakachimba vyoo. Yale waliyoyasoma yalionekana nyumbani kwao.

Kumbuka juu ya mtoto anayeharisha

Mpe kinywaji kidogo kidogo, mara nyingi. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage, utengeneze kingine. Mpeleke zahanati upesi kama hawezi kunywa, anatapika kila kitu, macho yameingia ndani, amelegea, au choo kina damu. Mtoto aliye chini ya miezi 6 apelekwe bila kungoja dalili hizo. Huko utapewa pia vidonge vya zinki. Umpe kwa siku zote utakazoambiwa, hata kama kuhara kumekwisha.

Zoezi

1. Jagi lako linachukua lita 2. Utaweka sukari na chumvi kiasi gani?
2. Sufuria ina maji lita 1 na nusu. Je, hapo?

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni jambo gani ulilojifunza darasani ukashindwa kulitumia nyumbani? Nini kilikuzuia?
2. Taja kazi moja unayoifanya vizuri. Ina hesabu gani ndani yake?

Majibu ya zoezi

1. Sukari vijiko 12, chumvi kijiko 1.
2. Sukari vijiko 9, chumvi robo tatu ya kijiko.

Kama umekosea, rudia polepole pamoja na jirani yako. Elimu haina mwisho.